Saa Isiyo na Namba

14 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ukiacha mafua ya baba ambayo huja na kuondoka kwa ratiba yake yenyewe. Chakula anakula vizuri. Asubuhi namfunga vifungo vya shati, naye hulalamika kwamba nambana kola makusudi ili asipate pumzi ya kubishana nami. Anakusalimu na anasema mwavuli wako bado uko nyuma ya mlango, usije ukadai umeibiwa.

Ukumbi nao ni mzima. Tumebadilisha mabati mawili upande wa dirishani, na mikeka yote nimeiosha kwa sabuni ya kufulia. Ile harufu uliyokuwa ukiiita harufu ya bidii imepungua nusu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Unamkumbuka muuguzi, yule mrefu anayecheka hata kabla hajaangushwa. Tarehe 28 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, akitoka zamu, mtu alimkaba kwenye geti la nyuma la hospitali. Alimnyang'anya mkoba akamwacha na ubavu mmoja umepasuka. Miaka mitatu yuko kwenye judo, Shangazi, na hakufanya lolote. Aliganda.

Nimepitia daftari langu la tarehe. Mwaka jana niliandika namba za watu katika mazoezi arobaini na moja. Muuguzi alitaja mbili mara thelathini na sita, na tatu mara tano. Basi. Nimeifuata kanuni yako tangu uniachie funguo miaka miwili iliyopita: kabla ya kushikana, mwenye nguvu anauliza "Namba?" na aliye dhaifu ndiye anayetaja, moja ni kama kumbeba mtoto aliyelala, kumi ni mashindano, na hakuna ruhusa ya kuizidi namba aliyoitaja mwenzio hata kwa nusu. Lakini huyo mkabaji hakumuuliza muuguzi namba.

Kwa hiyo nimeamua. Kuanzia Februari, kila Jumamosi, saa ya pili ya mazoezi itakuwa saa isiyo na namba. Watu washikane kwa nguvu zao zote. Na tarehe 20 Aprili utakuwepo mtihani wa mkanda: kila mtu apokee wapinzani kumi mfululizo, dakika mbili mbili, bila kupumzika. Ruhusa siombi, maana ulisema mwenyewe kwamba ukumbi ni wangu. Naomba baraka tu.

Mwanao


6 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku sita ofisini chini ya daftari la mahudhurio, ndiyo maana nachelewa kujibu. Huku nina wasichana themanini na wanne na mabomba manne ya kuogea. Kila asubuhi mimi ni matroni, hakimu na polisi kwa wakati mmoja. Goti langu la kushoto linanikumbusha mvua kabla ya redio. Mengine mazuri.

Mikono ya baba yako ikoje? Usinijibu "hajambo". Niambie: kijiko anakishika kwa vidole au kwa ngumi? Anapomenya chungwa, anamaliza?

Baraka sina.

Muuguzi kwanza. Umemuuliza kilichotokea? Sikuulizi ulimwambia nini, nauliza kama ulimuuliza. Barua yako ina hesabu ya namba zake zote za mwaka mzima, lakini haina neno lake hata moja.

Halafu hao watu wako. Nawajua wengi wao, niliwafunga mikanda yao ya kwanza. Yupo karani wa mahakama, yupo kinyozi, yupo yule fundi viatu mliyempa jina la Gundi kwa sababu akishika kola haachii. Hao si askari. Askari akivunjika kidole, yupo askari mwingine. Kinyozi akivunjika kidole, hakuna kinyozi mwingine ndani ya shati lake. Wanakuja Jumamosi ili Jumatatu warudi kazini wazima zaidi kidogo kuliko walivyokuwa Ijumaa. Kipimo ni hicho, kingine sina.

Usidhani nataka walegee. Mazoezi yawe magumu. Mtu atoke jasho, aogope kidogo, aanguke mara mia. Lakini ugumu autie mwenyewe, kama anavyotia chumvi kwenye sahani yake. Ukimimina wewe, huujui ulimi wake. Unasema mkabaji hakuuliza namba. Ni kweli. Lakini wewe si mkabaji wao.

Utauliza kwa nini niliiweka kanuni ile. Sababu ninayo, ila haifai kwa barua. Na usinipigie simu ya ofisini, mkuu wa shule husikiliza kwenye simu ya pili.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Baba anashika kijiko kwa ngumi. Chungwa simwachii amenye. Wiki jana bomba la bafuni lilipasuka, nikaenda kumwita fundi bomba wa mtaa wa pili kwa kuwa ndiye aliye karibu. Baba alipomwona mlangoni alisema, "Huyo asiingie," akajifungia chumbani. Tuliteka maji kwa ndoo siku mbili mpaka nikapata fundi mwingine. Nimemuuliza wana kisa gani, hajibu. Wewe unajua?

Kuhusu baraka, sawa, nimezikosa. Lakini ukumbi umejaa. Tulikuwa kumi na tisa, sasa tuko thelathini na mmoja, na wote wapya wanakuja kwa ajili ya saa ile. Unaposema ugumu autie mtu mwenyewe, nakubali kwa mdomo. Kwa macho nimeona kwamba mtu akiachiwa achague, huchagua kilicho laini, mwaka hadi mwaka, mpaka siku ya kukabwa. Hata wewe hukutufundisha hivyo zamani. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka sauti za watu wakianguka, na siku hizo hakuna aliyeuliza namba.

Muuguzi bado sijamuuliza. Amerudi, anakaa benchi kwa sababu ya ubavu. Sitaki kumtonesha.

Anayenifurahisha ni Gundi. Ana miaka hamsini na mmoja na amekuwa kama kijana. Jumamosi ya tarehe 10 kinyozi alimrusha vibaya kidogo, akatua kwa bega na shingo. Akakaa akikung'uta mkono wa kulia kama mtu aliyeshika waya wa umeme.

Kinyozi akamwuliza, "Vipi, mzee, nikuitie wajukuu?"

"Waite," akasema Gundi, "waje wakuokote wewe."

Akainuka, akamshika kola, akamwangusha mara mbili. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hicho ndicho ninachokisema, Shangazi. Kwa namba mbili asingelijua hilo juu ya nafsi yake.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Salamu zitangoja barua nyingine.

Mkono wa kulia, umesema. Ganzi ilimkaa muda gani? Vidole vipi, vya upande wa dole gumba au vya upande wa kidole kidogo? Anapogeuza shingo, inarudi? Bado anashika sindano ya viatu vizuri, au ameanza kuangusha vitu?

Mtoe kwenye saa hiyo leo. Aende kupigwa picha ya shingo. Usimwachie yeye aamue, atakwambia hajambo. Watu wa aina yake hujikaza kisabuni mpaka mwisho.

Kuhusu fundi bomba, usimlete tena nyumbani, na usimwulize baba yako.

Nijibu kwa posta ya kwanza.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri na wasichana hawajakumaliza. Huku mvua zimeanza. Baba amepata redio mpya kutoka kwa jirani aliyehama, anaisikiliza toka asubuhi na kuwajibu watangazaji. Jana alimwambia msomaji wa habari kwamba amedanganya kuhusu hali ya hewa, na kweli mvua ikanyesha. Paka wa jirani naye amehamia kwetu, amezaa kwenye kapu la nguo zangu za mazoezi.

Ukumbini tunaendelea. Tarehe 20 ukumbi umetakiwa kwa mkutano, kwa hiyo mtihani umerudishwa nyuma hadi Jumamosi ya tarehe 13. Majina ni tisa. La Gundi ni la nne.

Nilikwenda kwenye kibanda chake kama ulivyotaka. Nilimkuta anabandika soli ya kiatu cha mwanamke. Nikamwuliza, "Mkono wako unaendeleaje?"

"Upi? Ninayo miwili, yote ya kuazima."

"Wa kulia."

"Huu? Huu unangoja tarehe." Akaunyanyua akaukunja ngumi. "Mwalimu, mke wangu ameshashona koti jipya la judo. Watoto wangu watakuja wote. Usije ukaniambia habari za mkono."

Basi sikumwambia. Mtu mzima amesema hajambo, mimi ni nani nimvue suruali kutafuta kidonda?

Nawe unaniuliza vidole vipi, shingo inageuka vipi, kama daktari, lakini huniambii kwa nini unajua maswali hayo. Umenipa kanuni bila sababu, sasa unanipa amri bila sababu. Nimekua, Shangazi. Ukitaka nimvunje moyo mtu mbele ya mkewe na watoto wake, nipe sababu. Usiponipa, tarehe 13 atapanda kwenye mkeka.

Mwanao


10 Aprili

Mwanangu,

Shule imefungwa tangu tarehe mbili. Nilikwenda kwa dada yetu mkubwa, nikarudi leo asubuhi, nikaikuta barua yako imesukumwa chini ya mlango wa ofisi. Leo ni tarehe kumi na barua hii haitakufikia kabla ya Jumamosi. Nimepiga simu kwenye duka la jirani yenu mara nne, inalia bila kupokelewa. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu umeniomba sababu na nimekaa nayo miaka kumi na tisa.

Baba yako hakuanguka kutoka kwenye ngazi.

Ulikuwa na miaka sita. Yeye alikuwa mchora mabango bora mjini. Mtu akitaka jina la duka lake lisomeke toka ng'ambo ya barabara, alimwita yeye. Jioni alikuja kwenye mkeka wangu. Mimi wakati huo nilikuwa kama ulivyo wewe sasa, nikiamini kwamba mtu asipotetemeka hajajifunza. Kulikuwa na mtihani. Wapinzani kumi mfululizo. Unaona sasa kwa nini barua yako ya kwanza nilishindwa kuimaliza nimesimama.

Wiki tatu kabla ya mtihani ule alianguka kwa shingo. Akaniambia, "Dada, vidole hivi viwili vimekufa ganzi, brashi inanitoka." Nikamjibu kwamba ni woga umeshuka hadi mikononi. Alicheka. Alikuwa ananiamini. Hakusema tena.

Siku ya mtihani alipofika mpinzani wa saba, nikamwona anashika kola kwa shida. Mpinzani alikuwa fundi bomba, rafiki yake wa tangu shule, watu walikuwa wakiwaita mapacha. Fundi bomba naye aliona, akawa anamshika taratibu, anamzungusha tu muda upite. Nilimwita pembeni ya mkeka nikamnong'oneza, "Usimwonee huruma, anajifanya." Akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Akarudi akamtupa, na tangu siku hiyo baba yako hakushika tena brashi.

Kuhusu shingo baba yako anajua, na hadithi ya kuanguka ngazini tulikubaliana sisi wawili, hospitalini. Lakini neno nililomnong'oneza fundi bomba halijui. Anaamini rafiki yake alimtupa vile kwa makusudi, kwa wivu. Fundi bomba hakuwahi kunitaja. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akivuka barabara ili wasikutane, na mimi nimewaacha wavuke.

Mwezi uliofuata ndipo nilipoweka kanuni ya namba. Watu walinisifu kwa busara.

Kama Gundi ni mzima unaposoma haya, mshike asipande tena. Kama si mzima, usifanye nilivyofanya mimi baada ya hapo.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe 19, siku sita baada ya mtihani. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na mambo matatu ya kufanya kwanza, na nisingeweza kukuandikia kabla sijayafanya.

Nakuandikia kwa mpangilio, kutoka kwenye daftari.

Jumamosi tarehe 13. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watatu wa kwanza walimaliza, mmoja akiwa anatapika kwenye ndoo huku anacheka. Nikaita jina la Gundi. Koti lake lilikuwa jipya, bado lina alama za mikunjo. Alisimama akatugeuzia mgongo, uso ukutani, akifunga mkanda. Akakawia. Nikasogea upande. Ncha ya mkanda ilimtoka mkono wa kulia, akaiokota, ikamtoka tena. Kisha akamwita karani kwa sauti ya mzaha, "Njoo unifunge, bwana, leo nimekuja na mikono ya bi harusi." Watu wakacheka. Karani akamfunga.

Mimi namfunga mtu vifungo kila asubuhi, Shangazi. Sikuhitaji barua yako.

Nikasema, "Gundi, hapana."

"Hapana nini?"

"Leo hupandi."

"Mwalimu, acha utani, mama watoto yule pale."

"Hupandi."

"Kwa nini?"

Na hapa ndipo nilipokosea, tena vibaya. Ningeweza kusema: kwa sababu mkono wako una ganzi, na mimi nimelijua hilo muda mrefu. Lakini watu wote wangeuliza tangu lini. Nikasema, "Kwa sababu ya umri. Nimefikiri upya. Wewe ni mkubwa mno kwa wapinzani kumi."

Kinyozi alisema "Aa, mwalimu!" kwa huzuni kabisa. Gundi hakubisha. Alivua koti, akalikunja vizuri, pindo kwa pindo, akampa mkewe, wakatoka na watoto wao wanne nyuma yao. Mtoto wa mwisho alikuwa ananitazama mpaka mlangoni.

Muuguzi alisimama toka benchi akawafuata. Jumatatu alimpeleka hospitalini mwenyewe, akamsukumia mbele ya foleni ya picha. Kuna mfupa wa shingo umesogea, unaubana mshipa wa fahamu. Daktari amesema kuanguka kwingine kwa namna ile kungeweza kumlaza kabisa. Shingo itapona kwa kuvaa kola ngumu na kutulia. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia, daktari hataki kuahidi.

Hayo yote niliyasikia kwa muuguzi, ndipo mwishowe nikamuuliza swali lako. Nikasema, "Siku ile getini, kilitokea nini?" Alishangaa. Alisema mimi ndiye mtu wa kwanza kumuuliza. Wengine wote walikuwa wanamweleza. Akasema yule mtu alimjia akiyumba, ameshika tumbo. "Nikadhani mgonjwa anaanguka. Nikamshika asianguke. Nikamshika vizuri kabisa, mikono yote miwili, kama tunavyofundishwa wodini. Nilipogundua, mikono yangu yote ilikuwa imejaa yeye." Hakuganda, Shangazi. Alikuwa kazini. Hakuna saa yoyote isiyo na namba ambayo ingebadilisha hilo, wala nisingependa abadilike.

Jambo la kwanza, kwa hiyo: saa ile nimeifuta. Jumamosi ya tarehe 20 hatukuwa na ukumbi, lakini niliwaita wote nje kwenye ngazi nikawaambia. Kumi na mmoja wamekwisha kuondoka. Kinyozi amebaki, ila anasema sasa tutakuwa chama cha kufuma vitambaa. Karani aliniuliza, "Na mtu akitaka ngumu?" Nikamwambia ataje. Akafikiri. "Basi mimi Jumamosi ijayo nitataja saba." Sijawahi kuandika saba katika daftari hili.

Jambo la pili ni baba. Niliisoma barua yako jikoni. Aliniuliza, "Shangazi yako anasemaje?" Nikasema anasalimu. Chakula cha mchana kilipokwisha nikamwuliza, "Baba, ile ngazi uliyoanguka ilikuwa ndefu kiasi gani?"

"Ngazi gani?" akasema. Kisha akakumbuka. Akazima redio.

"Amekuandikia."

"Ndiyo."

"Tulikubaliana asiseme."

"Kwa nini, baba?"

"Ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuwa ameshafariki. Shangazi akiondoka hapa kurudi kwake, ulikuwa unalia mpaka unashikwa na kwikwi. Mimi sikuwa na mikono tena. Nikuondolee na yeye?"

Nikamwuliza ni nani aliyemtupa. Akasema, "Yule wa mabomba," kwa utulivu, kama anayetaja saa. "Dada yangu alikosea kunipandisha, lakini yeye hakuwa na nia mbaya. Yule alikusudia."

Nilikuwa na neno lako zima mdomoni. Sikulitoa. Si kwa kukuhurumia. Nimekasirika nawe kuliko ninavyojua kuandika, na kalamu hii nimeiweka chini mara tatu tangu nianze barua. Sikulitoa kwa sababu si langu.

Jambo la tatu nililifanya jana, Jumanne. Nilikwenda kibandani kwa Gundi saa nne asubuhi. Alikuwa na wateja watatu kwenye benchi na ile kola nyeupe shingoni. Hakunikaribisha. Nilisimama.

"Nimekuja kukwambia kwamba sikukukataza kwa sababu ya umri."

"Ni kwa sababu ya uzuri," akasema bila kunitazama. Wateja wakacheka.

"Nilijua mkono wako una ganzi tangu tarehe kumi Februari. Niliona, nikaandika. Shangazi yangu aliniandikia nikutoe, sikukutoa. Jumamosi nane nimekuacha uangushwe."

Akaweka nyundo chini, kwa mkono wa kushoto. Wateja waliacha kucheka, mmoja akaanza kukitazama kiatu chake kana kwamba kimeandikwa kitu.

"Nane," akasema Gundi.

"Nane."

"Na mimi nilikuficha."

"Wewe ulikuwa mwanafunzi."

Yule mteja wa kiatu akakohoa, akasema, "Jamani, mimi nina zamu saa tano," na Gundi akamwambia afunge mdomo wake au aende peku. Kisha akanigeukia. Akasema mkewe alililia lile koti siku tatu. Akasema mtoto wake wa mwisho sasa anamwita babu, kwa mzaha, na yeye anacheka naye, lakini chooni hacheki. Alisema mengine ambayo siandiki. Nilisimama nikayasikiliza yote, wateja nao wakayasikiliza.

Alipomaliza alinitupia sindano kubwa na rili ya uzi. "Tia uzi. Vidole hivi havijui tena uzi uko wapi."

Nilikaa kwenye kigoda mpaka alipofunga. Nilitia uzi mara kumi na moja. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Alipokuwa anashusha mbao za kibanda alisema kesho nije mapema, viatu ni vingi. Nimekwenda. Nimetoka huko sasa hivi, naandika huku vidole vinanuka nta.

Shangazi, shule inafunguliwa tarehe sita Mei, nimeuliza. Una siku kumi na mbili. Baba yuko nyumbani kila siku na redio yake. Fundi bomba yuko mtaa wa pili, mlango wa kijani, na jana nilipopita alinisalimu kama anavyonisalimu siku zote, kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo.

Mimi nimesema langu, mchana, mbele ya watu watatu nisiowajua, na mmoja wao akitazama kiatu chake. Sikufa. Njoo useme lako. Ukifika usinitafute mimi kwanza. Nitakuwa kibandani mpaka jioni. Mlango wa nyumbani haufungwi. Ingia ukae mbele yake, umwombe azime redio.

Mwanao